Nilimwita Tarumbeta: Neno kwa Wanaolala Chumba Kimoja



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote.

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja alibaki msikitini akinisubiri nimalize nyiradi. Ni kijana wa kidato cha nne, mtulivu, safu ya kwanza haimkosi. Alinijia na ombi ambalo sijawahi kuombwa tangu nianze uimamu.

"Shekhe, naomba uniombee dua, mdogo wangu anyamaze."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba wanalala chumba kimoja na mdogo wake wa miaka minane. Mtoto haishi kuimba. Anagonga ukuta kwa vidole. Anacheza magemu kwenye simu ya mama yao kwa sauti ya juu. Taa ikizimwa ndiyo kwanza maswali yanaanza. Mtihani wa taifa umekaribia na kichwa hakishiki kitu. Akamalizia kwa kuniomba ruhusa awe analala msikitini mpaka mitihani iishe.

Nilimwambia, "Mwanangu, nipe siku moja." Hukumu ya jambo hilo si ngumu, ila maneno yake yalinirudisha Tanga, mtaa wa Ngamiani, mwaka 1984, kwenye chumba ambacho kisa chake nimewahi kumsimulia mke wangu peke yake. Leo nakisema mbele yenu. Nimempigia mdogo wangu kuomba ruhusa, amekubali, kwa sharti nisitaje jina lake. Basi nisikilizeni.

Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Baba alikuwa kibarua wa bandarini, mama akikaanga vitumbua alfajiri. Vyumba vitatu walikaa wapangaji. Mimi na mdogo wangu tulipewa chumba cha mwisho, kilichopakana na jiko la uani. Nilipotimia miaka 10 baba alileta kitanda cha pili cha kamba, akatueleza kwamba Mtume (S.A.W.) ametuelekeza watoto wakifika umri huo watenganishwe malazi. Kati ya vitanda viwili palibaki nafasi ya mswala mmoja. Dari hakuna, kuta hazifiki juu, kwa hiyo aliyekohoa chumba cha kwanza alisikika mpaka cha sita.

Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka 14, niko darasa la saba. Mdogo wangu alikuwa na miaka 9. Na ndugu zangu, yule mtoto alikuwa na kelele! Alikuwa hasemi, anapaza. Ukimwita alijibu "Eee?" kama anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Akisoma Juzuu Amma kitandani, alisoma kama yuko kwenye mnara. Akikaa kimya kidogo, basi vidole vinapiga ngoma kwenye mbao za kitanda.

Kibaya zaidi ilikuwa ni usiku. Mafuta ya taa yalikuwa ya shida miaka ile, mama alizima kandili mapema. Mimi hulala chali gizani nikirudia masomo moyoni, jiografia, hesabu, tarehe za historia. Nikishazishika vizuri, inatoka sauti kitanda cha pili:

"KAKA, UMELALA?"

Mpangaji wa chumba cha tatu akaitika kwa hasira, "Tumeamka sote!" Na bado mtoto anarudia, "KAKA! UMELALA?"

Nilimpiga. Nililalamika kwa mama. Mama akasema neno ambalo kila mtoto mkubwa analijua: "Wewe ndiye mkubwa, mvumilie." Nililichukia neno lile. Nikamtafutia mdogo wangu jina. Siku hizo harusi nyingi mjini kwetu zilipita mtaani na matarumbeta, basi nikamwita Tarumbeta. Nilimwita chumbani, nikamwita uani mbele ya wapangaji, nikamwita uwanjani mbele ya watoto wenzake. Kwa juma moja mtaa mzima ulilishika. Hata muuza kahawa alimwita Tarumbeta.

Kitu kimoja nilikiona na sikukitia maanani. Mdogo wangu aliugua surua akiwa na miaka mitano, na tangu hapo sikio lake la kulia lilikuwa likitoka usaha, linakauka, linatoka tena. Mto wake ulikuwa na doa na harufu. Mama alimtilia mafuta ya nazi ya vuguvugu, kama alivyofundishwa na wakubwa wake. Mimi nilichofanya ni kulalamikia harufu, kama nilivyolalamikia kelele. Malalamiko mawili kwa mtoto mmoja, na sikuwahi kuyaweka pamoja.

Sasa nafika mahali pazito.

Chuoni kwetu tulikuwa tukisoma baada ya Alasiri. Mimi nilikuwa miongoni mwa wakubwa, na Maalim alikuwa ameanza kutupa maana ya baadhi ya aya. Siku hiyo alitufikisha kwenye Surat Luqman, pale Luqman anapomuusia mwanawe awe wa kadiri katika mwendo wake, apunguze sauti yake, na anamtolea mfano wa sauti ya punda. Wallahi, nilipoisikia ile aya moyo wangu ulifurahi, lakini si furaha ya imani. Nilifurahi kama mtu aliyeokota jiwe zuri la kurushia.

Usiku ule taa ilipozimwa nilingoja. Sauti ikatoka, "KAKA, UMELALA?" Nikainuka, nikamshika bega, nikamwambia karibu na uso wake, tena kwa nguvu ili asikie vizuri, kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe amesema sauti mbaya kuliko zote ni ya punda, na kwamba punda huyo ni yeye. Nikamwambia kila akifungua mdomo wake Malaika wanaondoka chumbani. Hili la mwisho nilijitungia mwenyewe. Mtoto wa miaka 14, nimemzulia Allah uongo ili nipate usingizi. Astaghfirullah.

Mdogo wangu akanyamaza.

Hakunyamaza usiku ule tu. Alinyamaza wiki nzima, ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Hakuimba, hakupiga mbao, hakuniuliza kama nimelala. Na nisiwadanganye, nilistarehe. Nilisoma kama sijawahi kusoma, nikafanya mtihani wangu wa darasa la saba, nikafaulu, nikaenda sekondari. Watu wanaponiita msomi, mimi hukumbuka ule ukimya na nani aliulipia.

Aliyegundua alikuwa Maalim. Yule mtoto aliyekuwa akisoma kwa sauti kuliko wote chuoni, sasa hafungui mdomo. Akiambiwa asome anainamisha kichwa. Mwalimu msaidizi alishamchapa henzirani mara mbili kwa ukaidi. Jioni moja Maalim akaniita, "Nduguyo amenyamaza. Umemfanya nini?" Hakusema amefanya nini, alisema umemfanya nini. Nikadanganya, nikasema sijui.

Maalim akanikalisha. Akaenda akasimama nyuma ya mdogo wangu, upande wa kulia, akamwita jina kwa sauti ya kawaida. Mtoto hakugeuka. Akaita tena kwa sauti ya juu. Watoto wote kwenye jamvi waligeuka, yeye hakugeuka. Maalim akahamia upande wa kushoto, akainama, akaita. Hapo ndipo alipogeuka.

Maalim akaja akakaa mbele yangu. Akasema, "Huyu mtoto hasikii vizuri. Mnalala chumba kimoja, huyajui haya?"

Nililia, nikamweleza yote, pamoja na ile aya. Nilitegemea fimbo. Hakunipiga. Alinipa kisa cha Thabit bin Qays (r.a.), na mimi nakupeni kama nilivyopewa, maana kimepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.).

Thabit alikuwa msemaji wa Ansari, mtu mwenye sauti kubwa kwa maumbile. Wafasiri wanataja kwamba alikuwa na uzito masikioni. Iliposhuka aya katika Surat al-Hujurat ya kuwakataza waumini wasipandishe sauti zao juu ya sauti ya Mtume (S.A.W.), Thabit alijifungia nyumbani. Alijiona yeye ndiye aliyekusudiwa, amali zake zimeporomoka, na kwamba ni mtu wa Motoni. Mtume (S.A.W.) alipoona hayupo akamuulizia. Sahaba mmoja akaenda, akamkuta ameinamisha kichwa kwa huzuni, akarudi na habari. Mtume (S.A.W.) akamrudisha yule Sahaba na bishara kubwa: Thabit si katika watu wa Motoni, bali ni katika watu wa Peponi. Na Thabit aliishi kwa bishara hiyo mpaka akafa shahidi katika vita vya Yamama, zama za Abu Bakr (r.a.).

Kisha Maalim akaniambia maneno ambayo ndiyo uimamu wangu wote: "Aya ilikuwa ile ile, na sauti ilikuwa kubwa vile vile. Mtume wako alipomkosa mwenye sauti, alimtuma mtu kumtafuta. Wewe wako alipotoweka, ulilala usingizi."

Akaongeza, "Tena ile aya yako ya Luqman hujaisoma. Rudi juu. Mara tatu Luqman anamwita mwanawe kwa neno la mapenzi, ewe mwanangu mdogo, ndipo anafika kwenye sauti. Wewe umeacha mapenzi, umechukua punda."

Tangu siku hiyo Maalim alimkalisha mdogo wangu mbele, sikio la kushoto limeelekea kwake. Baba akampeleka hospitali. Daktari akasema ngoma ya sikio la kulia imetoboka na usaha umeshakula sana, na la kushoto nalo linasikia kwa shida. Akakataza mafuta, akampa dawa, akasema sikio lisiingie maji. Usaha ulikatika. Usikivu wa kulia haukurudi.

Na mimi, ndugu zangu, sikumwomba msamaha. Nilimwachia sehemu yangu ya vitumbua, nilimbebea ndoo za maji, nilijifanya mwema. Lakini neno "nisamehe" halikutoka. Nikaenda bweni, nikaenda maisha, nikawa imamu, nikahutubia watu kuhusu haki za ndugu. Yeye akawa seremala, fundi mzuri sana, alhamdulillah, ana mke na watoto. Lakini chuo hakukimaliza. Ile raha ya kusoma kwa sauti haikumrudia. Na mtaani bado wanamwita Tarumbeta.

Miaka michache iliyopita mama yetu alifariki. Allah amrehemu. Tulizika baada ya Adhuhuri, na usiku nyumba ikajaa ndugu kutoka Pangani, Muheza na Dar es Salaam. Sisi wawili tukapelekwa kulala chumba kile kile cha mwisho. Vitanda vilikuwa vingine, nafasi katikati ilikuwa ile ile. Taa ikazimwa. Nikawa nalia kimya kimya, nikijua hanisikii. Ghafla, baada ya miaka karibu 40, nikasikia:

"KAKA, UMELALA?"

Niliinuka, nikavuka ile nafasi ya mswala mmoja, nikakaa upande wa sikio lake la kushoto. Nikawasha taa ya simu ili aone mdomo wangu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nisamehe kwa ile aya. Nisamehe kwa lile jina."

Alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Alisema mchana alikuwa anatuelewa kwa kutazama midomo. Taa ikizimwa, kila kitu kilikatika. Hajui kama nipo au nimetoka, hajui kama nimemjibu au nimemnyamazia. Ndiyo maana alikuwa anapaza sauti, ili na mimi nijibu kwa sauti, ajue nipo. Na zile ngoma za vidole kwenye mbao, alikuwa akizisikia mkononi.

Nilimuuliza, "Mbona hukusema?" Akajibu, "Nilidhani wote gizani hamsikii."

Akanisamehe. Alisema alinisamehe zamani, tangu zile ndoo za maji. Lakini akaongeza, "Ila lile jina, kaka, ungewaambia waache." Nimewaambia. Nimepita kwa wazee wa mtaa na kwa vijana, nimewaeleza. Wengine wameacha, wengine wanalisema kwa mazoea. Neno likishatoka kinywani kwako, huna tena uwezo wa kuliita lirudi. Mnaopachika ndugu zenu majina kwa mzaha, mzingatie hilo. Ile ile Surat al-Hujurat imetukataza kuitana kwa majina ya kejeli.

Sasa nirudi kwa kijana wangu wa kidato cha nne, na kwenu nyote.

Kwanza, sisemi kwamba mkubwa hana haki. Utulivu ni haki. Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu akawasikia watu wakisoma Qur'ani kwa sauti za juu, akafunua pazia na kuwaambia kwamba kila mmoja anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane. Ikiwa Qur'ani yenyewe haisomwi kwa kumuudhi jirani, seuze gemu la simu! Na Miqdad (r.a.) ametusimulia kwamba Mtume (S.A.W.) akiingia usiku alitoa salamu kwa kadiri ya kumfikia aliye macho bila kumwamsha aliyelala. Hiyo ndiyo adabu ya malazi, na watoto wafundishwe mapema. Wazazi, msimtupie mkubwa neno la "mvumilie" kisha mkaenda kulala. Wekeni saa ya kusoma, saa ya kucheza, saa ya kuzima simu. Chumba kikiwa kimoja, kiwe na sheria inayowalinda wote wawili.

Pili, mtoto mwenye kelele achunguzwe kabla hajachapwa. Mtoto anayesema kwa sauti ya juu kila wakati, anayeuliza "eee?" mara kwa mara, anayegeuza upande mmoja wa kichwa ukimwita, anayetaka televisheni iwe juu, huyo apelekwe hospitali apimwe masikio. Usaha sikioni si jambo dogo la kusubiri akue. Wala msitie mafuta wala kitu chochote kabla hajapimwa. Mama yangu, Allah amrehemu, alifanya kwa mapenzi. Leo sisi hatuna udhuru wa kutojua.

Tatu, tusiifanye Qur'ani kuwa fimbo. Aya ya Luqman ni haki, na kupunguza sauti ni adabu ya Muislamu. Lakini kabla hujamsomea mtu aya, jiulize: namsomea ili aongoke, au ili nipate ninachotaka? Mimi nilipata nilichotaka, ukimya wa wiki tatu, na mdogo wangu akapoteza chuo.

Siku ya pili kijana alipokuja, sikumpa ruhusa ya kulala msikitini. Nilimpa swali moja tu: "Umewahi kumuuliza mdogo wako kwa nini anapiga kelele?" Hakuwahi. Nikamwambia akamuulize kwa upole, ana kwa ana, taa ikiwa inawaka.

Alirudi Ijumaa. "Shekhe, nimemuuliza. Anasema hana sababu."

Safari hii tulicheka sote wawili. Nikamwambia, basi hiyo nayo ni sababu: ni mtoto. Masikio yake mazima, alhamdulillah, mama yake amempeleka kupimwa. Wamekubaliana kwamba kaka atasoma mpaka saa tatu na nusu mdogo akiwa ukumbini na mama, kisha watalala pamoja, na mdogo ana haki ya maswali matatu baada ya taa kuzimwa. Nimeambiwa anayachagua mchana kutwa.

Ndugu yangu unayesoma hapa, kama una mdogo wako chumba cha pili, au mji wa pili, mwenye sauti uliyowahi kuinyamazisha, usingoje usiku wa msiba. Mpigie leo. Akipaza sauti, mwache apaze.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyowafanyia wadogo zetu tukiwa wadogo, na tuliyowafanyia tukiwa wakubwa. Waponye watoto wetu wenye maradhi ya masikio na maradhi yote. Warehemu wazazi wetu waliotangulia. Unganisha nyoyo za ndugu waliotengana. Amin, amin, ya Rabbal-alamin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.